Punje Moja ya Mchanga

Mashine ya kufua haijai maji kwa uchawi. Nimewaambia watu hivyo miaka nenda rudi, na bado mtu ataniita kwake, anionyeshe sakafu iliyolowa, aseme, "Fundi, hiki kitu kina shetani." Hakina. Maji huingia kwa njia, na njia ni chache. Unazifunga moja moja, na ile ambayo ukiifunga maji yanasimama, hiyo ndiyo yenye makosa. Hata mtoto anaweza. Mimi nililijua hilo mwaka wa hamsini na nne kule Ruiru, na kulijua hakukunisaidia.

Mwaka huo nilikuwa na ganzi. Sina neno lingine. Mke wangu Mukonyo alikufa mwezi wa pili akijifungua, na mtoto akamfuata kabla jua halijatua. Niliwazika kwetu upande wa Yatta, nikarudi Thika kwenye karakana ya Mhindi wangu, nikaendelea kutengeneza pampu za mashamba ya mkonge. Nilikula, nililala, niliitikia salamu. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukawa si wako? Unaugusa, unajua ni mguu, lakini ni kama wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima mpaka ulimi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mvua bado zinanyesha, Mhindi akaniita. "Kaleli, wewe kwenda Ruiru, ile shamba ya dada yako. Mashini ya kufua nguo naleta mafuriko."

Nikamwambia sijawahi kufungua mashine ya kufua maishani mwangu.

"Ndani iko pampu," akasema. "Wewe najua pampu."

Nikachukua mfuko wangu wa vyuma nikaenda. Hakuna aliyebishana na Mhindi yule, na mimi sikuwa na hamu ya kubishana na mtu yeyote.

Shamba lenyewe lilikuwa la kahawa, ukipita Ruiru mjini unaelekea Gatongora. Mwenyewe alikuwa Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Soksi, kwa kuwa soksi zake zilifika magotini hata akiwa anaoga, ndivyo walivyosema. Dada yangu mkubwa, Syombua, alikuwa mpishi wake. Mama yetu alipokufa Syombua ndiye aliyenilea, kwa hiyo nilimwita mwaitu, kama mtu anavyomwita mamake. Mume wake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, amepelekwa vita vya mbali huko Malaya, na yeye alikuwa na watoto watatu na nyumba moja ya udongo aliyopewa na Bwana Soksi nyuma ya boma. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Hilo nililiweka kichwani tangu nilipofika getini.

Mashine ilikuwa kwenye veranda ya nyuma. Ilikuwa nyeupe, nzito, ina dirisha la kioo tumboni. Ilikuja kwa meli kutoka Amerika Krismasi iliyopita, dobi mzee akaachishwa kazi wiki hiyohiyo, na mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma kahawa akaletwa nyumbani kufundishwa vibonyezo. Jina lake Waithira.

Bwana Soksi hakungoja niweke mfuko chini. "Wewe fundi. Mashini hii nafurika mara tatu. Maji naingia mpaka ndani, zulia ya memsahibu nakufa. Mimi nataka jua neno moja tu. Mashini nakosa, ama mtu nakosa?"

"Mtu gani, Bwana?"

Akamwelekezea Waithira kidevu. Waithira alikuwa anaanika nguo uani, hatua kumi na tano kutoka pale, na alisikia kila kitu.

"Kama mashini nakosa, mimi napeleka Nairobi. Kama mtu nakosa, Jumamosi lori ya serikali nakuja chukua Wakikuyu kwenda rizavu. Mtu napanda lori. Mimi hapana weka nyoka ndani ya nyumba."

Ilikuwa imajensi, ile hali ya hatari ya Mau Mau, na Wakikuyu walikuwa wakirudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali. Mkikuyu hakuweza kuvuka barabara bila pasi, na mitambo ikiharibika kwenye shamba la Mzungu haikuitwa ajali. Ilikuwa ni mkono wa mtu, na mkono huo ulikuwa na kabila. Sisi Wakamba tulipita bila kuulizwa. Kazi zao tulipewa, na tukazichukua. Sijivunii, lakini sitakudanganya pia, maana nimeshadanganya vya kutosha katika habari hii.

Bwana Soksi alipoondoka, Waithira alikuja na karai tupu mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, kilemba cha buluu, anaongea polepole kama mtu anayechagua mchele.

"Fundi, umemsikia," akasema.

"Nimemsikia."

"Nina mtoto, Muigai. Ana miaka mitano. Alianguka kutoka kwenye toroli la kahawa akavunjika paja. Amelazwa hospitali kule Thika, mguu umening'inizwa juu kwa kamba. Daktari amesema wiki nane, na sasa ni ya tatu. Jumapili gari la maziwa hunibeba, kwa sababu Bwana ameniandikia pasi." Akaweka karai chini. "Nikipelekwa rizavu, pasi ya kutoka huko haipatikani. Baba yake alichukuliwa Nairobi mwezi uliopita, sijui yuko kambi gani. Nani atakuwa anaenda kumwona Muigai?"

Nilipaswa kusema kitu. Mtu mwingine angesema pole, mama, Mungu yupo. Mimi nilisema, "Tutaona," nikainama kufungua mfuko.

Hebu nikueleze nilivyofanya, maana kazi yenyewe niliifanya vizuri. Kwanza nilitazama maji yanakotoka. Maji ya shamba lile yalivutwa kutoka mtoni hadi kwenye tangi juu ya mnara, yakateremka kwa bomba mpaka mferejini, ile bilula ya ukutani, na kutoka mferejini yakaingia kwenye mashine kupitia valvu. Valvu ni mlango mdogo unaofunguliwa na umeme. Mashine ikitosheka, umeme unakatika, mlango unajifunga. Punje ya uchafu ikikwama mlangoni, haufungiki, na maji yanaendelea kuingia mpaka yakukute kitandani. Kwa hiyo mtu wa kwanza kushukiwa ni mchanga.

Waithira akanipeleka mwenyewe kwenye tangi. Chini yake palikuwa na kichujio cha waya, cheupe kama kijiko kipya.

"Hiki nakiosha mimi, kila Ijumaa," akasema, na hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona anajivuna. "Haipiti hata punje moja."

Nikakishika kwenye mwanga. Alisema kweli. Nikaifungua valvu, nayo ilikuwa safi. Nikaupuliza kwa mdomo ule mrija mdogo unaopima kina cha maji, nao ukapumua vizuri. Nikaijaza mashine, nikaiwasha, nikakaa juu ya debe nikaitazama ikifua mashuka kwa muda wa saa nzima. Haikumwaga hata tone. Waithira alisimama nyuma yangu muda wote huo, na nilisikia anavyohema.

Bwana Soksi akaja, akaangalia sakafu kavu. "Leo hapana furika," akasema.

"Leo hapana, Bwana."

"Kwa sababu leo wewe natazama." Akaenda zake.

Akaamuru nilale kwa Syombua niitazame tena kesho. Jioni mwaitu alinionyesha shamba lake. Lilikuwa nyuma ya ukuta ule wa veranda, mahali ardhi inapopanda kidogo. Alikuwa na vijistari vinne vya kunde na mahindi ya watoto kutafuna, na pembeni, juu ya mawe matatu, pipa la mafuta lililokatwa mdomo. Ndani ya pipa kulikuwa na maji ya kijivu, na mpira mweusi wa kutolea maji, uliopita dirishani kutoka kwenye mashine ulikuwa umezama humo mpaka chini.

"Unaona?" akasema. "Ile mashine yao inamwaga maji. Inafua nguo tano inamwaga pipa zima kwenye mtaro. Nilipoona hivyo siku ya kwanza, roho iliniuma, nikauvuta mpira nikauleta hapa. Memsahibu haji huku nyuma. Mama Muigai naye huchota, anamfulia mtoto wake vinguo."

"Kwa nini umeuzamisha hivyo?"

"Ukiwa juu unarusha maji na kupiga kelele."

Mtu asiyetoka Yatta hawezi kuelewa. Mama yetu aliamka jogoo wa kwanza kwenda mtoni Athi na kibuyu mgongoni, akarudi jua likiwa kichwani. Maji ya kunawa yaliosha vyombo, ya vyombo yakanywewa na mbuzi. Ukimwaga kikombe, ulichapwa. Nilimwona mwaitu akiwa na nyumba, mshahara na sukari kabatini, na bado hakuweza kuyaacha maji yapite. Nilimwelewa kabisa. Nilikuwa fundi wa pampu wa miaka tisa, nimesimama mbele ya pipa lililo juu kuliko mashine, mpira umezama ndani, na sikuona kitu. Ganzi si ya mguu tu.

Akatazama mawingu yaliyokuwa yakitanda upande wa Kilimambogo. "Leo simwagilii," akasema. "Leo Mungu atamwagilia mwenyewe." Akaweka debe lake chini, pipa likabaki limejaa.

Ijumaa asubuhi Waithira aliwasha mashine mbele yangu. Ilizunguka, ikafua, ikanyonya maji machafu ikayatoa nje, ikatulia. Halafu ikaanza kujaa ya kusuuza. Yakafika nusu ya kioo, kama kawaida, nikasikia valvu ikijifunga, tiki. Maji yakaendelea kupanda.

"Ndiyo hivyo," Waithira akasema kwa sauti ndogo. "Fundi, ndiyo hivyo."

Nikachomoa waya wa umeme. Yakapanda. Nikafunga mfereji ukutani, nikaukaza mpaka ukalia. Yakapanda, yakaanza kutoka mdomoni pa mashine na kutambaa kwenye sakafu nyekundu. Mashine haina umeme, mfereji umefungwa, na maji yanaingia. Waithira alikuwa akinitazama mimi, si maji.

Nikatia kidole. Yalikuwa na povu. Maji ya kusuuza yanatoka mtoni, povu limetoka wapi? Halafu nikaona jani. Lilielea mbele ya kioo, jani dogo la kunde, bichi. Hakuna kunde kwenye tangi la Bwana Soksi.

Nikatoka nje nikiufuata ule mpira kwa mkono. Ulitoka dirishani, ukazunguka ukuta, ukapanda kwa pipa. Pipa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni kwa mvua ya usiku. Mashine ilikuwa imesukuma maji yake juu, pampu ikasimama, na maji ya pipa yakarudi chini kwa njia ileile, kama unavyonyonya petroli kwenye tangi kwa mrija, ukiachia yanakuja yenyewe. Siku ambazo Syombua alimwagilia kunde, pipa lilikuwa nusu, yaliyorudi yakawa machache, na hakukuwa na neno. Mvua ikinyesha hakumwagilia, na kesho yake zulia la memsahibu lilikufa. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu.

Nikautoa mpira kwenye pipa. Kule verandani maji yakanyamaza. Nikaufunga kwa waya kwenye msumari wa ukutani, mdomo ukiwa juu hewani, mahali ambapo hautarudisha maji tena hata pipa lijae vipi.

Nilipogeuka, Waithira alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Alitazama mpira, akalitazama pipa, akanitazama. Alikuwa na shuka lowevu mikononi, akaenda kulianika, na nikasikia anaimba wimbo fulani wa kanisani puani. Alidhani yamekwisha.

Na yangekwisha. Ningeingia ndani niseme: Bwana, mpishi wako aliweka mpira kwenye pipa. Lakini Bwana Soksi alikuwa amesema mtu akikosa anaondoka. Mtu alikuwa Syombua. Nikaiona nyumba yake ya udongo, watoto watatu barabarani na mikeka kichwani, baba yao yuko Malaya. Nilikuwa nimezika wawili mwezi wa pili. Sikuwa na mahali pa kuweka wengine. Nikafikiri, fundi mwerevu mimi, nitafute kosa lisilo na mwenyewe. Nani anaweza kuushitaki mto?

Nikainama njiani, nikaokota punje moja ya mchanga.

Bwana Soksi alikuwa mezani anakunywa chai, memsahibu kando yake. Nikafungua kiganja. "Nimepata, Bwana. Ni mchanga. Punje hii ilikwama kwenye valvu. Mvua ikinyesha mto unaleta mchanga. Sasa nimetoa, haitafurika tena."

Akaichukua kwa ncha ya kisu cha siagi. Akaitazama muda mrefu, memsahibu naye akaitazama, wakasemezana Kiingereza. Halafu akasimama kwenye mlango wa veranda, akaita, "Waithira."

Akaja akijipangusa mikono.

"Chujio ya tangi, nani naosha?"

"Ni mimi, Bwana."

"Iko tundu?"

Waithira alidhani anatetewa. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Hapana, Bwana. Haina tundu. Haipiti hata punje moja."

"Basi," akasema Bwana Soksi, "hii naingia namna gani?" Akamwonyesha kisu.

Ndipo nilipokumbuka tangi, na mwanga kupita kwenye zile waya, na maneno yake. Nilikuwa nimeyasikia jana yake kwa masikio haya. Bwana Soksi hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ametulia kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tangu zamani. Mchanga ndani ya mashine: mwaka ule kila Mzungu alikuwa na hadithi ya mchanga ndani ya mashine, sukari ndani ya petroli. Nilikuwa nimemletea ile aliyoizoea, nikamwekea mezani.

Waithira alinigeukia mimi. Alingoja. Nadhani alingoja muda wa mtu kunywa kikombe cha maji, na muda wote huo mdomo wangu ulikuwa wangu na hakuna aliyeushika. Nilijua la kusema. Nilikuwa nayaona maneno yenyewe, pipa, mpira, jani. Hayakutoka. Nikatazama buti zangu, zilikuwa zinadondosha maji kwenye sakafu ya memsahibu.

"Kesho," akasema Bwana Soksi, "wewe napanda lori."

Kwa Syombua sikusema lolote ila, "Mpira usiurudishe kwenye pipa." Akaniuliza kwa nini. "Usiurudishe tu, mwaitu." Akaniwekea chakula nikala chote.

Lori lilifika Jumamosi saa mbili. Walikuwa wanawake tisa kutoka mashamba ya jirani, wawili wana watoto mgongoni, na askari mmoja anasoma majina kutoka kwenye karatasi. Nilikuwa uani nakusanya vyuma vyangu. Ningeweza kukaa nyuma ya nyumba mpaka liondoke. Nilienda, sijui kwa nini, labda miguu ilitaka kuona.

Waithira alikuwa na kifurushi kimoja cha shuka. Alipofika karibu nami akasimama, akatoa kijishati kidogo cha kaki, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne.

"Mpelekee Muigai," akasema. "Nimekifua kwa maji ya pipa." Alisema polepole vilevile kama anavyosema siku zote. "Nilikuona ukitoa mpira, fundi. Nikasema, huyu ameona, atasema."

"Mama Muigai," nikaanza.

"Mwambie nitakuja," akasema, akapanda. Alishikwa mkono na wenzake akakaa sakafuni, na kwa vile mbao za ubavuni zilikuwa ndefu sikumwona tena.

Lori lilipokata kona nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Soksi. Hata kofia sikuvua. Nikamwambia yote. Nikamwambia mashine haikuwa na kosa, mchanga niliokota njiani, kosa lilikuwa la pipa na mpira, na aliyeuweka mpira ni dada yangu, hakujua, kwetu maji hayamwagwi. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimeshaona watoto barabarani.

Alinisikiliza akifunga kamba ya kiatu. "Pipa?" akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Pipa tu?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Syombua mjinga kidogo. Ondoa pipa."

Nikangoja. Hakuongeza kitu. Hilo ndilo lilikuwa lori la Syombua nililoliogopa, nyumba yake, mikeka na watoto: ondoa pipa. Ningeyasema Ijumaa, angecheka Ijumaa.

"Na Waithira, Bwana? Lori halijafika mbali. Ukiandika barua—"

"Jina iko kwa karatasi," akasema. "Karatasi iko kwa serikali." Akasimama akakung'uta vumbi kwenye soksi zake. "Tena yeye Kikuyu. Kama hapana hii, iko ingine. Wewe fundi mzuri, Kaleli. Mimi naandikia Mhindi yako barua."

Akaandika kweli. Mhindi aliibandika ukutani.

Syombua nilimweleza jikoni. Alikuwa anamenya viazi, akakiweka kisu chini, akatoka. Nilimkuta nyuma ya ukuta ameliegemea pipa. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. Nikamwambia hapana, ni mimi. "Mama Muigai alikuwa anachota kwa kikombe," akasema, "ili kunde zisikose." Tukalishika pamoja, mmoja huku mmoja kule, tukalipindua. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Kwetu yanazoleka, mwaitu ameyazoa maisha yake yote. Siku hiyo yalishuka yakipita katikati ya kunde mpaka mtaroni, naye akasimama akayatazama, hakutafuta hata kopo.

Jumapili nilipanda gari la maziwa. Hospitalini, nesi alinionyesha kitanda cha mwisho kando ya dirisha. Muigai alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mguu mmoja umefungwa bandeji umevutwa juu kwa kamba na uzani wa chuma. Aliangalia nyuma yangu kwanza, mlangoni, akangoja kidogo, halafu akaniangalia mimi.

Nikampa shati. Akalinusa. Akalijua.

"Mama yuko wapi?"

"Atakuja," nikasema. "Amesema atakuja."

"Leo?"

"Si leo."

Nikamsaidia kulivaa, mkono mmoja kisha mwingine, kwa uangalifu nisiuguse ule mguu. Kifungo kilikuwa kidogo, hakikutaka kuingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili kuhisi kitu kwenye mikono yangu, na kiliniuma, na nilitamani kirudi kilikotoka. Alinitazama nikihangaika na kifungo.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi."

"Wa ile mashine?" Uso wake ukachangamka. "Mama alisema fundi anakuja kuitengeneza, halafu Bwana hatakasirika tena. Uliitengeneza?"

"Niliitengeneza," nikamwambia. "Sasa haimwagi maji."